Mtoto Mchanga na Maji ya Matunda: Tusiharakishe



Mwezi uliopita palikuwa na baraza katika skimu yetu, huku pwani, juu ya wadudu wa maembe. Maneno yalipokwisha, bwana mmoja alisimama akauliza swali lisilohusu maembe wala wadudu. Alisema, "Mimi nina mtoto wa miezi minne. Machungwa yangu yanaoza chini ya miti kwa kukosa mnunuzi. Je, kuna ubaya gani nikimkamulia mtoto akanywa?" Watu walicheka. Bwana Shamba akajibu kwamba hilo ni swali la kliniki, si la kilimo, na baraza likafungwa.

Mimi nilikuwa nimeketi pembeni nikiandika kumbukumbu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu, nami sikucheka. Karani hana ruhusa ya kusimama barazani akajibu mahali pa mkubwa wake. Lakini hakuna aliyenikataza kuandika gazetini. Basi namjibu bwana yule hapa, na wengine wenye swali kama lake wasikie. Maoni haya ni yangu mwenyewe, si ya ofisi. Wala sikubali kwamba swali lile si la kilimo. Chungwa limetoka shambani, mtoto ni wa mkulima, na maji ya kulizimulia yametoka kisimani. Kama hilo si jambo la kilimo, sijui ni lipi.

Jibu langu ni fupi. Bwana, usimpe. Mtoto wa miezi minne anyonye maziwa ya mama yake, basi, wala asipewe kitu kingine isipokuwa dawa aliyoandikiwa na daktari. Sababu zake ni ndefu kidogo, na ya kwanza yanihusu mimi.

Nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisi ya kilimo, na mtu aliyesomea ualimu ana ugonjwa mmoja: huamini kila neno lililopigwa chapa. Tulipopata mtoto wetu wa kwanza, msichana, nilikuta katika sanduku la mama yangu kijitabu cha zamani cha malezi, kimeliwa na mende pembeni. Kijitabu kile kilisema mtoto apewe maji ya machungwa tangu mwezi wa pili, kijiko kimoja cha chai kwanza, kisha kipimo kiongezwe pole pole. Nikafurahi. Tulikuwa na michungwa sita aliyoipanda marehemu baba yangu alipopewa shamba. Zaidi ya hayo, ulikuwa wakati wa palizi, na mama watoto alishinda kondeni tangu alfajiri. Nikaona chungwa litatuondolea taabu mbili kwa mara moja: mtoto atapata vitamini, na mama yake atapata nafasi ya kumaliza mahindi.

Nilikamua kwa mikono yangu mwenyewe. Nilichanganya na maji yaliyochemshwa, nikatia sukari kwa kuwa machungwa yetu ni makali, nikajaza chupa ya kunyonyea. Muda wa wiki mbili mtoto alipendeza kabisa. Nilijisifu hata ofisini, na mwenzangu mmoja mwenye mtoto mchanga akaniomba nimwandikie kipimo. Nikamwandikia kwa mwandiko mzuri wa mwalimu.

Wiki ya tatu mtoto wangu akaanza kuhara. Hapo tukafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Tuliona kwamba maji yanamtoka, basi tukamwongezea maji ya machungwa ili yarudi. Akahara zaidi. Sikujua wakati ule kwamba sukari nyingi ikiingia katika tumbo linalohara huvuta maji kutoka mwilini na kuyaleta tumboni, kwa hiyo mtoto hukauka upesi zaidi. Kulipokucha macho yake yalikuwa yameingia ndani, utosi umebonyea, na akilia machozi hayatoki. Tulipanda pikipiki, mama amempakata, tukamkimbiza zahanati.

Muuguzi hakutugombeza. Aliuliza tu, "Nani aliyempa?" Nikasema, "Ni mimi." Akauliza, "Kwa nini?" Nikajibu, "Kitabu." Akanitazama kitambo kidogo, kisha akamgeukia mtoto.

Namshukuru Mungu, mtoto alipona, na leo anakimbia akiwatupia kuku mawe. Lakini taabu haikuishia zahanati. Maziwa ya mama yake yalikuwa yamepungua, kwa sababu mtoto aliyeshibishwa kwa chupa hanyonyi sana, na titi lisilonyonywa hupunguza maziwa, sawasawa na ng'ombe asiyekamuliwa mpaka mwisho. Ninyi wafugaji mwalijua jambo hilo tangu zamani. Mimi nililijua katika ng'ombe, sikulijua katika nyumba yangu. Zilipita siku kumi hivi za kunyonyesha mchana na usiku mpaka maziwa yakarudi. Palizi ikatupita, magugu yakameza mahindi, na mwaka ule tulinunua unga kabla ya mwezi wa kumi. Ile nafasi niliyotaka kuipata kwa chupa ya machungwa niliilipa mara tatu. Na yule mwenzangu wa ofisini, ilinibidi niende kwake usiku ule ule nikamwombe ile karatasi. Alikuwa hajaanza kuitumia.

Baadaye nilitaka kujua kwa nini kijitabu kilisema vile. Je, kilidanganya? La, hakikudanganya watu wa wakati wake. Zamani huko Ulaya na Marekani watoto wengi walilelewa kwa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, au maziwa ya kopo. Maziwa ya ng'ombe yana vitamini C kidogo sana, na moto huipunguza tena. Watoto wale wakaugua kiseyeye: ufizi huvuja damu, na mifupa huuma hata mtoto hulia akiguswa tu. Mwaka 1883 daktari mmoja Mwingereza, Thomas Barlow, aliueleza wazi ugonjwa huo wa watoto wadogo. Maji ya machungwa yaliuponya, na katika Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza iliwagawia watoto maji ya machungwa na mafuta ya ini la samaki, na desturi hiyo iliendelea miaka mingi baada ya vita. Basi vitabu vikaandikwa, vikasafiri, vikafika mpaka sandukuni mwa mama yangu.

Lakini mtoto anayemnyonya mama mwenye kula vizuri hupata vitamini C katika maziwa yale yale. Dawa ya mtoto wa kopo tumeichukua tukampa mtoto wa titi, asiye na ugonjwa wake. Ni kama kumnyunyizia mtu dawa ya michungwa kwa kuwa jirani yake ana michungwa.

Mashauri ya zamani yamekwisha kubadilishwa na wenye elimu yao. Shirika la Afya Duniani na Wizara yetu ya Afya hapa Kenya husema kwamba mtoto anyonye tu kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aanze chakula huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Madaktari wa watoto wa Marekani, ambao kwao maji ya matunda ni kitu cha kila nyumba, waliruhusu zamani yaanze kwenye miezi 6. Mwaka 2017 wakageuza shauri lao: mtoto asipewe kabisa maji ya matunda kabla ya kutimiza mwaka 1, na tangu mwaka 1 mpaka 3 asipite mililita 120 kwa siku, yaani karibu nusu ya kikombe cha chai. Na wao wana maji ya bomba safi na friji katika kila jiko. Sisi wa kisima na mfereji tutawatangulia kwa nini?

Nimewasikia mabibi wetu wazee wakisema, "Mtoto ana kiu, jua ni kali, midomo imekauka." Maneno yao yatoka katika huruma, wala siwadharau. Lakini katika kila vikombe 10 vya maziwa ya mama, karibu vikombe 9 ni maji, nayo yamekwisha kuchujwa na mwili wa mama mwenyewe. Mtoto mwenye kiu anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Mwenye kunywa maji siku ya jua kali ni mama, na hapo ndipo bibi mzee aelekeze kata yake.

Sasa tuje kwenye miezi 6, maana hapo bwana yule wa barazani atauliza tena, na ni haki yake. Matunda yaanze wakati huo, na yaanze pamoja na chakula kingine. Ila matunda si maji ya matunda. Hili ndilo jambo nililotaka hasa kulisema, nanyi mniwie radhi nikilirudia.

Ukikamua machungwa matatu ukayachuja, unapata kikombe cha maji matamu. Zile nyuzi nyuzi zilizobaki katika chujio, unawatupia kuku. Mtoto anakunywa sukari ya machungwa matatu kwa dakika moja, ambayo kama angeyala asingemaliza hata moja. Tumbo la mtoto wa miezi 8 lachukua kadiri ya mililita 200 tu. Likijaa maji ya machungwa, uji, maharage na dagaa vitaingia wapi? Mtoto hukataa chakula, mama husema, "Huyu hapendi kula," na mwezi ukipita kitabu cha kliniki chaonyesha uzito haukupanda. Shiba ya maji matamu si shiba.

Basi mpe tunda lenyewe. Papai lililoiva ndilo rahisi kuliko yote: kata, toa mbegu, ponda kwa kijiko mpaka liwe laini. Embe vivyo hivyo, ila chagua lisilo na nyuzi nyingi, au lipitishe katika chujio. Ndizi mbivu haina haja hata ya kisu. Parachichi lina mafuta yanayomnenepesha mtoto kwa njia nzuri. Mapera ni tunda tunalolidharau kwa kuwa huota penye kichaka na watoto huyaokota bure, lakini pera lina vitamini C mara kadha kuliko chungwa la uzito ule ule. Kwa mtoto mdogo liponde ulipitishe katika chujio, mbegu zake zibaki. Ninyi wa Kinangop na Ol Kalou, ambako papai halipendi baridi, mna matunda damu. Menya, toa mbegu, changanya na ndizi ili ukali upungue. Wa Lugari na Trans Nzoia mna mapera na ndizi, tena karakara nyingi. Anza na vijiko viwili au vitatu vya chai vya tunda moja. Ngoja siku mbili tatu uone kama tumbo limekubali, ndipo ujaribu tunda la pili. Usimpe vipande vigumu, wala zabibu nzima, wala kitu chochote kinachoweza kuziba koo.

Kuna jambo moja zuri katika matunda ambalo wengi hawalijui. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma aliyoipata tumboni mwa mama. Akiba ile hupungua sana afikapo miezi 6 hivi, na ndiyo maana watoto wengi wa mwaka mmoja wana upungufu wa damu. Maharage, kunde na mboga za majani zina chuma, lakini ni chuma kinachoingia mwilini kwa shida. Vitamini C hukifungulia mlango. Kwa hiyo papai au chungwa liliwe pamoja na maharage yale, katika chakula kile kile, si saa kumi alasiri peke yake. Na chai, ambayo twaipenda sana sisi sote, hufunga mlango huo huo. Mtoto mdogo asipewe chai. Nalisema hili nikijua nitachekwa, maana nimewaona watoto wa mwaka mmoja wakipewa chai ya rangi na kipande cha mkate asubuhi, na baba akitoka kupeleka maziwa yote kwenye kituo cha kukusanyia maziwa.

Wala sisahau ini, nyama, mayai na dagaa. Hivyo vina chuma kinachoingia kwa urahisi. Ila leo nazungumza juu ya matunda.

Mtoto akitimiza mwaka, ukipenda kumwonjesha maji ya matunda, sina ugomvi nawe. Huo si ulazima. Maji ya kunywa yaliyochemshwa na matunda yenyewe yamtosha. Lakini najua siku ya sikukuu itafika, na watoto wakubwa wanakunywa, na mdogo analia. Basi fanya hivi. Nawa mikono kwa sabuni. Osha chungwa zima kabla ya kulikata, hata kama hutakula ganda, kwa kuwa kisu huchukua uchafu wa ganda na kuupeleka ndani. Likiwa limenyunyiziwa dawa, hakikisha zile siku za kungoja zilizoandikwa kwenye karatasi ya dawa zimepita kabla ya kuchuma. Hapo ndipo naweza kusema kitu kwa niaba ya ofisi ya kilimo bila kuulizwa, maana wako wanaonyunyiza Jumatano na kuchuma Ijumaa. Na ile chupa ya dawa ikiisha, usiioshe ukawekea kinywaji, hata ukiisugua kwa mchanga mara saba. Haitatakata.

Kamua katika bakuli la kioo, au la chuma kisichoshika kutu. Usitumie debe la bati, kwa kuwa ukali wa machungwa hula bati lile na kulitia katika kinywaji. Wenye mashine ya kusagia matunda wafungue kisu chake na kuosha chini yake kila mara, maana hapo mabaki hujificha na kuvunda. Chuja kwa chujio lililooshwa kwa maji ya moto, wala si kitambaa kinachofutia meza. Ukitaka kuzimua, tumia maji yaliyochemka sawasawa, yakapoa katika chombo chenye kifuniko, yanayomiminwa bila mtu kuchovya kikombe ndani. Mimi nilichemsha maji yangu, ndiyo, lakini niliyaweka katika jagi wazi, na kila mmoja alichota humo. Usitie sukari. Asali nayo, mtoto asiyetimiza mwaka asipewe hata ya kulamba, kwa kuwa yaweza kuwa na mbegu za kijidudu kinacholegeza mwili wa mtoto mchanga mpaka pumzi.

Mpe mara ile ile unapokamua, katika kikombe, pamoja na chakula, mililita 120 mwisho. Kilichobaki mnywe wakubwa. Maji ya matunda yaliyokaa jikoni tangu asubuhi mpaka alasiri katika joto letu hili ni shamba la vijidudu, tena lenye mbolea. Chupa ya kunyonyea usiitumie. Chuchu yake ina pembe zisizofikiwa na brashi, na mtoto anayelala na chupa ya kitu kitamu mdomoni huozeshwa meno ya mbele hata kabla hayajatoka yote. Kikombe huoshwa na mtu yeyote kwa dakika moja.

Na mtoto akihara, hata kama hakunywa chungwa, usimpe maji ya matunda wala soda. Endelea kumnyonyesha, tena mara nyingi. Uwe na pakiti ya chumvi ya kurudisha maji mwilini nyumbani, uchanganye kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti, katika maji yaliyochemshwa yakapoa. Kliniki itampa na tembe za zinki, nazo zimalizwe zote kama muuguzi alivyoandika, hata kuhara kukikoma mapema. Mtoto wa chini ya miezi 6 apelekwe siku ile ile. Macho yakiingia ndani, au akikataa kunyonya, au pakiwa na damu katika choo chake, msingoje kuku awike.

Mpaka hapa utadhani nawasema akina mama. Sivyo. Mimi nilikuwa baba, na mimi ndimi niliyekamua. Nilijiuliza mara nyingi baadaye kama ni kijitabu kilichonishawishi au ni palizi. Nasema kweli, ilikuwa palizi. Kijitabu kilinipa udhuru tu. Na nikitembea katika mashamba wakati wa kuandikisha hesabu za mbegu, naona mambo yale yale: mtoto wa miezi mitatu ameachwa na dada yake wa miaka tisa, chupa pembeni, ndani yake maji ya machungwa au uji mwepesi, na mama yuko mwisho wa shamba na jembe. Mama yule hajui? Anajua sana. Amekwenda kliniki, ameambiwa miezi 6, akaitikia. Kisha amerudi nyumbani akakuta ekari mbili za kupalilia na mume anayeuliza kwa nini bado.

Mkulima mwenzangu, unapopanga kazi ya msimu, mtoto huyo ameandikwa wapi? Ng'ombe akizaa, wajua ndama atanyonya kiasi gani na wewe utakamua kiasi gani, na humpeleki mama yake malisho ya mbali. Kama mkeo ana mtoto wa chini ya miezi 6, kuna njia zisizo na gharama kubwa. Mtoto aweza kwenda shambani pamoja na mama yake, akawekewa kivuli, na mtu wa kumshika. Au mama aanze kwa kipande cha shamba kilicho karibu na nyumba, na cha mbali ukipalilie wewe. Au aweza kukamua maziwa yake kwa mkono katika kikombe kisafi chenye kifuniko. Maziwa hayo hukaa muda wa saa nne mahali penye kivuli na ubaridi, na katika joto letu la pwani yasifikishwe hapo. Mtoto apewe kwa kikombe kidogo, si kwa chupa. Na kama una fedha za kumlipa kibarua wa siku tano, mlipe. Mimi sikumlipa, nikanunua unga.

Tena liko jambo la mauzo. Walipopima mashamba ya skimu katika Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza 1962, mahesabu yalianza na chakula cha jamaa, kisha kulipa deni, ndipo ikahesabiwa faida. Leo naona tumeyageuza. Mapapai mazuri hupanda gari kwenda mjini, yaliyopasuka hubaki nyumbani, na baba akirudi na fedha huwaletea watoto chupa ya maji ya rangi yenye picha ya chungwa. Soma maandishi madogo nyuma ya chupa ile. Ni maji, sukari, na rangi. Umeuza chungwa, ukanunua picha yake. Ningependa kila nyumba iwe na mti mmoja au miwili ambayo mnunuzi akija aambiwe, "Hii si ya kuuza." Kuna watakaosema mimi nina mshahara, ni rahisi kwangu kusema hivyo. Labda. Lakini papai moja kwa siku halijamfilisi mtu, na safari ile ya pikipiki pamoja na dawa ilikula bei ya mapapai mengi sana.

Mpapai una faida moja ya hesabu. Katika nchi yenye joto na maji ya kutosha, mche ukiwa umetunzwa vizuri, matunda huanza kuiva kadiri ya mwaka mmoja baada ya kupandwa. Mke akianza kwenda kliniki katika mwezi wa tatu wa mimba, panda wiki ile. Mtoto akitimiza miezi 6, mti nao uko tayari. Panda mitatu au minne pamoja, kwa kuwa mipapai mingine hutoka dume isizae, wala hutajua mpaka ichanue. Weka karibu na jiko, ambapo maji ya kuoshea mboga humwagwa, lakini isisimame majini, kwa maana mizizi yake huoza.

Bwana uliyeuliza swali barazani, mtoto wako bado ana muda wa kungoja. Machungwa yale yanayooza, mpe mama yake ale mawili matatu kila siku, yatamfikia mtoto kwa njia iliyo salama. Yaliyobaki, njoo ofisini tuandikishe majina ya wenye machungwa, labda tukiwa wengi tutapata gari moja la kuyachukua pamoja.

Kwangu tunatazamia mtoto wa pili. Nimepanda mipapai minne nyuma ya jiko. Mbuzi wa jirani wamekwisha onja majani ya mmoja, nami nimeizungushia miiba yote.